Kutafuta kazi ya lishe Dodoma ukiwa na stashahada

Wengi wanaomaliza stashahada ya lishe na kuja Dodoma kutafuta kazi wana njia moja tu kichwani: kufungua Ajira Portal, tovuti ya kuombea kazi za serikali, kusubiri tangazo la Afisa Lishe Daraja la II, kuomba, kuitwa. Tangazo hilo hutoka kweli, lakini kwa kawaida linataka shahada. Mwenye stashahada akiomba anaondolewa kwenye mchujo wa sifa, halafu anakaa miezi akiamini amekosa kwa sababu hana mtu wa kumshika mkono. Sisi tunaofanya kazi hii tumewaona vijana wenye mikono mizuri ya kazi wakikata tamaa hapohapo, na inauma, maana milango mingine ilikuwa wazi na hakuna aliyewaambia.

Kwa hiyo kabla ya kuomba chochote, soma sehemu ya sifa neno kwa neno. Palipoandikwa shahada, usipoteze muda. Palipoandikwa stashahada ya lishe, au NTA ngazi ya 6 (ndiyo ngazi ya stashahada), au "fani nyingine inayofanana", hapo ni pako. Ukitaka mlango wa Afisa Lishe ufunguke baadaye, SUA pale Morogoro wana shahada ya lishe ya binadamu, na Chuo Kikuu Huria wana shahada ya chakula na lishe ambayo mtu anaweza kuisoma huku anafanya kazi. Hilo ni la miaka ijayo. Mwaka huu unahitaji kazi.

Kazi zenyewe ziko wapi? Mkoa una halmashauri nane: Jiji, Chamwino, Bahi, Kongwa, Mpwapwa, Chemba, Kondoa na Kondoa Mji. Kila moja ina ofisi ya lishe chini ya Mganga Mkuu, na kazi za ofisi hiyo ni nyingi kuliko watu wake. Zipo hospitali kubwa za serikali: Benjamin Mkapa, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ambayo wenyeji wanaiita General, Mirembe, na Uhuru kule Chamwino. Zipo za mashirika ya dini na nyinginezo zisizo za serikali, kama St. Gemma pale Miyuji, DCMC Ntyuka na Mvumi. Hizi za mashirika huajiri zenyewe, kwa barua na usaili wao, bila kupitia Sekretarieti ya Ajira. Kuna miradi, shule za bweni, na wasagaji wa unga. Kila mahali wanaangalia kitu kimoja: je, huyu tukimwacha peke yake wodini au kijijini, kazi itakwenda? Cheti hakijibu swali hilo. Mikono ndiyo inayojibu.

Tuanze na makaratasi hata hivyo, kwa kuwa ndiyo yanayowaondoa wengi mapema. Bila namba ya NIDA huwezi kufungua akaunti ya Ajira Portal. Weka tayari cheti cha kuzaliwa cha RITA, cheti cha kidato cha nne, cha sita kama unacho, cheti cha stashahada pamoja na matokeo yake ya masomo yote. Karatasi ya matokeo ya muda haikubaliki, na hati ya kumaliza shule haikubaliki. Ukiwa bado unasubiri cheti kamili chuoni, kifuatilie kwa miguu yako, usisubiri kiletwe. Majina yakitofautiana, mathalani cheti cha kidato cha nne kina majina mawili na NIDA ina matatu, au herufi moja imebadilika, nenda kwa mwanasheria utengeneze hati ya kubadili jina na kuisajili kabla hujaitwa kwenye usaili. Mlangoni siku ya usaili hakuna muda wa kueleza kwamba baba yako anaandikwa kwa "s" moja.

Barua ya maombi isainiwe. Ni jambo dogo, na kila mara kuna watu wanaoachwa kwa sababu hiyo tu: wameandika vizuri, wamepakia, hawakusaini. Chapisha, saini kwa kalamu, piga skani, ndipo upakie. Iandikwe kwa anayetajwa kwenye tangazo, si "kwa yeyote anayehusika". Sehemu ya anwani ya makazi, jaza mkoa unaoishi sasa, kwa sababu kituo cha usaili kinaweza kupangwa kwa kuangalia hapo. Aliyehamia Dodoma na kuacha Mtwara kwenye akaunti anaweza kujikuta anatafuta nauli ya Mtwara. Baada ya kuomba, rudi kwenye akaunti uone hali ya maombi. Ukikataliwa, soma sababu iliyoandikwa, irekebishe, maana itakukataza tena kwenye tangazo lijalo. Na yeyote anayekuomba pesa ya usajili, ya fomu au ya "kupeleka jina lako mbele" ni tapeli, hata awe na mhuri. Kuomba kazi serikalini hakulipiwi.

Kwenye wasifu wako, sentensi kama "nina uwezo wa kufanya kazi chini ya shinikizo" haimsaidii anayesoma. Andika ulichofanya kwa mikono wakati wa mafunzo kwa vitendo: nilipima watoto uzito, urefu na mzingo wa mkono kliniki fulani, niliandaa F-75 (maziwa ya tiba ya kuanzia kwa mtoto mwenye utapiamlo mkali) wodi ya watoto, nilijaza rejista na kujumlisha taarifa ya mwezi, nilitoa ushauri wa mlo kwa wagonjwa wa kisukari. Mganga mfawidhi akisoma mistari hiyo anajua akupangie wapi Jumatatu. Wadhamini watatu wawe watu waliokuona ukifanya kazi, na uwape taarifa kwamba wanaweza kupigiwa simu.

Sasa mikono yenyewe. Hapa ndipo usaili wa vitendo unapoamuliwa, na ndipo kujitolea kunapogeuka mkataba.

Kipimo cha mzingo wa mkono, ule utepe wa rangi tatu, kila mtu anasema anaujua. Mpe mtoto halisi anayelia umwone. Mkono ni wa kushoto. Kwanza unakunjwa kwenye kiwiko ili upate ncha ya bega na ncha ya kiwiko, unatafuta katikati na kuweka alama. Halafu mkono unanyooshwa, unaning'inia wenyewe bila kukazwa, ndipo unapima pale penye alama. Utepe uguse ngozi pande zote bila kubana. Chini ya sentimita 11.5 kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59 ni utapiamlo mkali, kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5 ni wa kadiri. Kosa tunaloliona sana ni kukadiria katikati kwa macho na kupima mkono ukiwa bado umekunjwa, na kosa la pili ni kukaza utepe. Milimita tatu zinatosha kumwingiza mtoto kwenye matibabu asiyoyahitaji, au kumrudisha nyumbani anayehitaji. Kabla ya utepe, bonyeza miguu yote miwili kwa kidole gumba, sekunde tatu, uone kama kishimo kinabaki. Mtoto aliyevimba miguu yote kwa utapiamlo ni mgonjwa mahututi hata utepe ukisema kijani, yaani yuko salama.

Urefu nao una mtego wake. Chini ya miaka miwili mtoto hupimwa amelala, miaka miwili na kuendelea hupimwa amesimama. Mtoto wa miaka miwili na zaidi akigoma kusimama ukampima amelala, unapunguza sentimita 0.7 kwenye namba uliyoisoma. Msaili akikuuliza hivyo anataka kujua kama umewahi kushika ubao wa kupimia au umeusoma tu.

Wodi ya watoto ni swali la F-75. Chukua mtoto wa kilo 6.4, hana uvimbe mkubwa. Awamu ya kwanza anapewa mililita 130 kwa kila kilo kwa siku: 130 mara 6.4 ni 832. Akinywa kila baada ya saa mbili ni milo 12. 832 gawanya kwa 12 ni 69 na ushei, unapeleka kwenye tano iliyo karibu, mililita 70. Mtoto huyohuyo akiwa amevimba sana, miguu, mikono na uso, kiasi ni mililita 100 kwa kilo: 640 kwa siku, yaani 53 na ushei kwa mlo, unapima 55. Sababu lazima uijue, maana ndilo swali litakalofuata: sehemu ya uzito wa aliyevimba ni maji, na moyo wake ni dhaifu, ukimpa kwa hesabu ya kilo zote unamzidishia mzigo. Uvimbe ukianza kupungua na uzito kushuka, hushushi kiasi cha maziwa. Na huanzi na F-100, maziwa ya tiba ya awamu inayofuata, hata ndugu wakisema mtoto ana njaa. Mwili uliokaa muda mrefu bila chakula hauwezi kubeba protini na chumvi hiyo siku ya kwanza. Hamu ya kula ikirudi na uvimbe ukianza kuisha, ndipo anahamishwa taratibu kwenda F-100 au chakula dawa, kile cha kwenye pakiti ya gramu 92 chenye kalori 500.

Kwenye karatasi hesabu hiyo ni rahisi. Inaharibika usiku. Mlo wa saa nane na wa saa kumi usiku ndiyo inayorukwa, mama amelala, muuguzi ana wodi nzima, na mtoto mwenye utapiamlo mkali akikaa saa sita bila kula sukari yake inashuka na mwili unapoa. Anayetafuta kazi wodini na akasema mwenyewe kwenye usaili kwamba angepanga jedwali la milo ya usiku, amfundishe mama kuamka na kunywesha kwa kikombe, na asubuhi akague kilichobaki kwenye kikombe kabla ya kusoma faili, anajionyesha kuwa ameshalala zamu. Hatujawahi kuona jopo lisilomsikiliza mtu wa namna hiyo.

Wodi ya watu wazima ni kazi nyingine kabisa. Vitabu vingi vya lishe ya hospitali vimeandikwa kwa nchi ambazo jiko la hospitali linapika kila mlo na mtaalamu anaandika aina ya mlo kwenye kadi. Kwenye hospitali zetu nyingi chakula kinaingia getini kwenye hotpoti, mkononi mwa ndugu, saa za kuona wagonjwa. Kwa hiyo mpishi wako ni shangazi wa mgonjwa anayekaa Chang'ombe au Nkuhungu, na ushauri wako una dakika tano. Ukimwambia "apunguze wanga" atarudi kesho na ugali uleule. Fungua hotpoti naye. Onyesha: ugali usizidi ngumi ya mgonjwa mwenyewe, mboga za majani zijaze nusu ya sahani, kipande cha nyama au maharage robo. Watu wengi wa huku wanaamini ugali wa uwele au wa mtama hauna sukari, hivyo mgonjwa wa kisukari ale atakavyo. Una nyuzinyuzi zaidi kuliko sembe, sukari inapanda polepole zaidi, lakini ni wanga, na kiasi bado kinahesabiwa. Sema hivyo kwa heshima, bila kumdhihaki mama aliyeutafuta uwele huo soko la Majengo kwa nia njema. Kwa mgonjwa wa figo ambaye daktari ameagiza potasiamu ishuke, mboga zinakatwa, zinachemshwa kwa maji mengi, maji yanamwagwa, ndipo zinaungwa. Na mlenda unaopikwa na maji yake yote huo hapati.

Kuna mgonjwa anayelishwa kwa mpira wa puani. Ndugu wataleta uji mzito wenye karanga, mpira utaziba, na utavutwa na kuwekwa mwingine kwa maumivu. Uji uchujwe kwa chujio laini, mpira usafishwe kwa mililita 30 za maji kabla na baada ya mlo, kichwa cha kitanda kiinuliwe nyuzi 30 hadi 45 na kibaki hivyo angalau nusu saa baada ya kulishwa. Mtu anayeyajua haya ana thamani wodini hata kama cheo chake hakijaandikwa kwenye ikama, orodha ya nafasi za watumishi.

Kujitolea ndiyo njia wanayopita wengi, na inahitaji kupangwa, isiwe kukaa benchi tu. Barua ya kujitolea kwenye kituo cha halmashauri huandikwa kwa Mkurugenzi, kwa mfano Mkurugenzi wa Jiji, Halmashauri ya Jiji la Dodoma, na nakala kwa Mganga Mkuu. Kwenye hospitali huandikwa kwa Mganga Mfawidhi. Kichwa kiwe wazi: YAH: MAOMBI YA KUJITOLEA KATIKA KADA YA LISHE. Aya ya kwanza sema una nini, ya pili sema unaweza kufanya nini, ya tatu sema kwa muda gani na kuanzia lini. Ukurasa mmoja unatosha. Ipeleke masjala, igongwe mhuri wa kupokelewa, ubaki na nakala yako yenye mhuri huo, uulize namba ya jalada. Wiki mbili zikipita bila jibu, unarudi na namba, si na malalamiko. Pia kuna programu ya serikali ya mafunzo ya uzoefu kazini kwa wahitimu, inayosimamiwa na kitengo cha huduma za ajira TaESA. Jiandikishe huko vilevile, maana muda wa huko una cheti mwishoni na waajiri wanautambua.

Ukishapokelewa halmashauri, omba upewe kazi ambayo mwenye ofisi haimalizi. Mara nyingi ni taarifa. Kila robo mwaka vijiji vinatakiwa kufanya Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, inayoitwa SALiKi. Watoto wanapimwa, mama wanaonyeshwa mapishi, na takwimu zinapanda hadi kwenye kadi alama ya lishe ya halmashauri, jedwali linalopima utendaji wake. Wakuu wa mikoa walianza kusaini mkataba wa lishe mwaka 2017, na Septemba 2022 walisaini mbele ya Rais Samia hapahapa Dodoma. Ndani ya mkataba huo halmashauri zinapimwa kama zimetenga na kutoa angalau shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kutoka mapato yake. Maana yake ni kwamba Mkurugenzi anaulizwa kuhusu lishe kwenye kikao, na Afisa Lishe wake anahitaji namba zilizo sahihi kwa wakati. Kijana anayekusanya rejista kutoka zahanati, anayegundua kwamba waliopimwa ni 140 na waliogawanywa kwenye rangi za utepe ni 152, akapiga simu kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii kabla taarifa haijaingizwa kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa taarifa za afya, huyo hasahauliki. Jifunze kutumia jedwali la kompyuta vizuri. Juni na Desemba ndiyo miezi ya matone ya vitamini A na dawa za minyoo, ofisi inaelemewa, ni wakati mzuri wa kuomba kujiunga. Kipimo cha vitamini A ni yuniti 100,000 kwa mtoto wa miezi 6 hadi 11, na 200,000 kwa wa miezi 12 hadi 59; ukiulizwa usibabaike.

Jambo la wakati lina maana pia kwa fedha. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini mipango na bajeti za halmashauri zinapikwa miezi mingi nyuma yake. Kama ofisi inaweza kukuweka kwenye mkataba wa muda kwa mapato ya ndani, lazima mstari huo uwe umeandikwa kabla. Anayekuja Agosti kuomba alipwe anachelewa. Aliyekuwepo tangu Desemba, akaonekana, ana nafasi.

Usaili wa serikali huwa na mchujo wa maandishi, siku hizi mara nyingine kwa kompyuta, kisha vitendo kwa baadhi ya kada, kisha mahojiano. Beba vyeti halisi, si nakala, na kitambulisho. Wanaosailiwa kwa kazi za kanda hii wajiandae hasa kwa maswali ya hapa. Udumavu: takwimu za kitaifa zilishuka kutoka asilimia 34 mwaka 2015/16 hadi 30 mwaka 2022, na ujue kueleza tofauti ya udumavu, ukondefu na uzito pungufu bila kuchanganya. Vyakula vya hapa: uwele, mtama, karanga, alizeti, mlenda, kunde, ubuyu. Ukiombwa kupanga mlo wa mtoto wa miezi tisa wa Bahi, usitaje parachichi na samaki wa maji baridi kana kwamba uko Bukoba. Taja uji wa uwele uliosagwa laini, ulioongezwa karanga zilizosagwa au maziwa, kijiko cha mafuta ya alizeti, mlenda na majani ya kunde yaliyopondwa, yai linapopatikana, na unyonyeshaji unaoendelea.

Halafu sumukuvu, sumu inayotengenezwa na fangasi kwenye nafaka na karanga. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Chemba, Kondoa na Kiteto wanakumbuka. Mtaalamu wa lishe wa kanda ya kati asiyeweza kueleza sumukuvu hajajiandaa. Fangasi hukua nafaka ikiwa na unyevu. Mahindi yakaushwe hadi unyevu usizidi asilimia 13.5, yaanikwe juu ya turubai na si ardhini, yahifadhiwe kwenye mifuko ya kinga njaa au mapipa yasiyopitisha hewa. Punje zilizooza, zilizosinyaa na zenye ukungu zitolewe. Kupika hakuiondoi sumu hiyo, kuosha hakuiondoi. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni jumla ya sehemu 10 kwa bilioni, na aina ya B1 isizidi 5. Serikali imejenga kituo cha usimamizi wa mazao baada ya kuvuna pale Mtanana, Kongwa, chini ya TANIPAC, mradi wa Wizara ya Kilimo wa kudhibiti sumukuvu. Kijue, kinaweza kuwa mlango wako pia.

Hapo ndipo tunafika kwenye unga wa lishe, biashara ambayo wahitimu wengi huanza nayo wanaposubiri. Tunaiheshimu, lakini mchanganyiko unaouzwa sana mitaani una matatizo matatu. Soya mbichi inasagwa bila kuchemshwa, nayo ina vitu vinavyozuia protini kumeng'enywa; ichemshwe, ikaushwe, ikaangwe kidogo, ndipo isagwe. Karanga zinasagwa pamoja na nafaka, unga unachacha baada ya wiki chache, na karanga ndiyo zao linalobeba sumukuvu kwa urahisi. Ni salama zaidi karanga zichambuliwe punje kwa punje, zisagwe kidogo kidogo nyumbani, ziongezwe wakati wa kupika. Na tatu ni kurundika nafaka saba au nane ambazo zote ni wanga, kwa jina la lishe. Nafaka moja na jamii ya kunde moja, kwa uwiano wa karibu tatu kwa moja, inatosha na ni nafuu. Anayetaka kuuza kihalali ataanzia BRELA (wakala wa usajili wa biashara) kwa jina, SIDO (shirika la viwanda vidogo) kwa ushauri wa mashine na eneo, na TBS (shirika la viwango) kwa jengo na alama ya ubora. Tangu 2019 udhibiti wa usalama wa chakula uko TBS. Wasagaji wakubwa wanaoweka virutubishi kwenye unga nao wanahitaji mtu wa kusimamia kipimo cha mchanganyiko kila zamu na kuandika daftari, kazi inayomfaa kabisa mwenye stashahada, na wachache wanaiulizia.

Shule za bweni hazitangazi. Nenda na pendekezo la karatasi mbili. Tuseme shule ina wanafunzi 400 na mlo wa mchana wa makande: nafaka gramu 120 kwa mtoto ni kilo 48 kwa siku, maharage gramu 30 ni kilo 12, mafuta gramu 5 ni kilo 2. Kwa siku 20 za masomo ni kilo 960 za nafaka, karibu magunia kumi ya kilo mia, na maharage kilo 240. Weka bei za wiki hiyo za soko la nafaka la Kibaigwa na za Majengo, mwonyeshe mkuu wa shule anapotea wapi kwa kununua kidogo kidogo, na umwonyeshe siku mbili za wiki ambazo hakuna mboga kabisa kwenye ratiba yake. Anayejali fedha atakusikiliza kwa sababu ya fedha, na watoto watapata mboga.

Miradi inalipa vizuri na inaisha. Misaada ya Marekani iliposimamishwa Januari 2025, wafanyakazi wengi wa miradi ya afya nchini walirudi nyumbani ndani ya wiki chache. Uombe kazi ya mradi, ukafanye, lakini uulize fedha ni za nani na mwisho wake lini, na ukiwa humo usikate uhusiano na ofisi ya lishe ya wilaya. Mradi ukifungwa, ofisi hiyo inabaki palepale.

Ukipata kazi ya hospitali ya shirika, kliniki au kiwanda, usianze kwa maneno ya mdomo. Omba mkataba wa maandishi wenye cheo, kituo, mshahara, muda na majukumu. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka yenye malipo. Michango ya NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri hawezi kukukata wewe zaidi ya nusu yake. Baada ya miezi mitatu angalia kwenye akaunti yako kama inaingia. Ukiwa ulikopa Bodi ya Mikopo, tegemea makato ya asilimia 15 ya mshahara wa msingi na uyaingize kwenye hesabu zako kabla ya kupanga chumba. Na kwenye orodha ya majukumu, kama neno "lishe" halimo bali "kazi nyingine utakazopangiwa", mwombe mwajiri aliandike kabla hujasaini: miaka miwili ya kupokea wagonjwa dirishani, hata kwa uaminifu wote, haitahesabiwa kama uzoefu wa lishe kwenye tangazo utakaloomba baadaye.